Mwaka wa Watu wa Mpaka

Mwezi uliopita, kwenye foleni ya kliniki ya macho hapa Tabora mjini, mzee mmoja mwenye mkongojo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia kwetu ni Itobela, mbele ya Ipole, kijiji cha mwisho kabla hujaingia msitu wa hifadhi. Uso wake ukachanua. "Itobela!" akasema. "Nimekaa pale wiki nne nzima, binti yangu, wakati tunapima mpaka. Watu wakarimu wale! Mpaka leo sijaonja asali kama ile." Nikamtazama vizuri. Mashavu yalikuwa yameporomoka na nywele zimekwisha, lakini sauti ilikuwa ileile ya kuburuza maneno, sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa akizungumza. Yeye hakunitambua. Nikamuuliza taratibu, "Asali ipi, mzee? Si mliandika kwamba Itobela hakuna hata mfugaji mmoja wa nyuki?" Akacheka. Alicheka, nasema, mpaka akakohoa. "Tulijua, binti yangu. Nani asingejua? Nyumba nzima ilinuka nta. Lakini wenyewe walisema hawana. Ukishapewa jibu jepesi, unatafuta gumu la nini?" Muuguzi akaita namba yake, akanyanyuka, akaniaga kwa heshima zote, akaingia kupimwa macho. Macho, yeye!

Niliiacha foleni nikarudi nyumbani kwa bajaji. Nikaingia jikoni nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, na kikombe kimoja nikakivunja, na sikujali. Kwa karibu miaka arobaini nimewalaumu wazee wangu kwa ujanja wao, na nimeulaumu mkono wangu wa kulia kwa kuandika. Yule mtu nilikuwa nimemsamehe, kwa sababu niliamini tulimdanganya. Nilimwonea hata huruma kidogo, nikidhani kwamba wanakijiji wasiosoma walimwingiza mjini msomi wa watu. Hasira yangu ilikuwa imekosea nyumba miaka yote hiyo. Sasa nimeihamisha, ingawa si yote, maana nyingine wanastahili watu wangu, na nyingine nastahili mimi mwenyewe. Naandika mambo ya mwaka ule kabla sijaanza kupoa.

Sitaeleza ukoo wangu wala nilivyolelewa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne huku mjini, nimerudi kijijini kungoja matokeo, na nilikuwa na majivuno yasiyo na mfano. Nilitembea na kalamu nywelani. Itobela ilikuwa na njia moja tu kubwa, na njia yenyewe haikuchongwa na serikali yoyote. Ilikuwa ile njia ya wapagazi, iliyotoka Tabora kuelekea kusini, ambayo watu wa zamani waliipita na pembe mabegani na chumvi vichwani, na nyumba zetu zilijipanga kando yake kwa mstari mrefu. Upande wa mashariki yalikuwa mashamba ya karanga na tumbaku. Upande wa magharibi, ukivuka kijito tulichokiita Ntongo, ulianza msitu, na huko ndiko wanaume wa Itobela walikokuwa wanaume. Walikwenda na baiskeli mwendo wa siku moja na zaidi, wakapiga kambi, wakarina asali kwa wiki tatu au nne, wakarudi wamekonda, wananuka moshi, na madebe yamefungwa nyuma kwa mipira. Kijiji kizima kiliishi kwa kwenda na kurudi huko. Harusi zilipangwa kufuata mavuno ya asali, na hata mwinjilisti wetu wa Kimoraviani alijua kwamba mwezi wa sita atahubiria wanawake peke yao.

Kulikuwa na jambo moja kuhusu watu wa Itobela ambalo ni lazima ulijue, la sivyo hutaelewa kitu. Hatukumwambia mtu wa nje tulichonacho. Haikuwa uchoyo, maana mgeni alikula mpaka akaomba msamaha. Lakini mgeni akiuliza mna mbuzi wangapi, jibu lilikuwa hatuna. Akiuliza mmevuna magunia mangapi, jibu lilikuwa kidogo tu, mwaka umekuwa mbaya. Mtoto wa darasa la kwanza alijifunza hivyo kabla ya a, e, i, o, u. Bibi yangu, ambaye nililala chumba kimoja naye, alinieleza asili yake huku akichambua mboga ya kunde ya kukausha. Alisema enzi za misafara kwanza alikuja mtu mmoja, mpole, peke yake. Akasalimu, akanywa maji, akauliza mbuzi, akauliza maghala, akauliza vijana wenye nguvu wako wangapi. Akashukuru akaondoka. Baada ya siku chache wakaja wengi wenye bunduki, na walijua mlango wa kuanzia. "Kwa hiyo Debora," bibi akasema, "ukimwona mtu anauliza idadi, ujue nyuma yake kuna wenzake." Nilimcheka. Nilimwambia sasa kuna serikali, bibi, kuna takwimu. Nilikuwa nimelipenda sana neno takwimu.

Katika yote yaliyofichwa, mizinga ndiyo iliyofichwa kuliko vyote. Mwanaume alijua miti yake mwenyewe, na mwanawe wa kiume akipata umri alionyeshwa, mti mmoja baada ya mwingine, kwa miguu. Mke hakuambiwa. Rafiki aliyepiga naye kambi moja hakuambiwa. Kumuuliza mtu ana mizinga mingapi kulikuwa sawa na kumuuliza mambo ya kitandani kwake. Mjomba wangu Maganga, kaka yake mama, ndiye aliyesemekana kuwa na mingi kuliko wote, lakini neno lenyewe lilikuwa "husemekana", maana hakuna aliyethubutu kuhakikisha. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono yenye makovu na makucha ya kupandia miti, na mpole kupita kiasi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa naingia kwake bila hodi, nafunua vyungu, nakula kilichomo.

Watu wa mpaka walifika mwezi wa pili, wakati wa uyoga. Walikuwa watatu, mkubwa wao, mpimaji kijana na dereva. Huyo mkubwa sitamtaja jina, tulimwita Bwana Mipaka na jina hilo linamtosha. Walisema wanahakiki mpaka wa msitu, na kwamba kabla ya kuweka mawe watamwandika kila mwenye shughuli huko, ili haki yake ijulikane. Nasema alivyosema, "haki yake ijulikane." Wakapangishwa kwa Mjomba Maganga kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya bati na sakafu ya saruji. Aliwapa sebule na chumba cha pembeni. Chumba cha ndani kilichopakana na hicho ndicho kilichokuwa na madebe ya asali na mabonge ya nta, yamefunikwa magunia. Nyumba zetu hazikuwa na dari. Ukuta uliishia usawa wa kiganja cha mtu aliyenyoosha mkono juu, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati. Bwana Mipaka alilala wiki nne kichwa chake hatua mbili kutoka kwenye asali ya Itobela, na harufu ile, mtu yeyote aliyewahi kuisikia anajua, haizuiliwi na gunia.

Walitaka karani anayejua kuandika na anayejua Kinyamwezi. Nani tena kama si mimi? Nilikaa sebuleni kwa mjomba, kwenye meza yenye kitambaa cha kufuma, chini ya kalenda ya miaka miwili iliyopita iliyobaki ukutani kwa ajili ya picha yake, fomu mbele yangu na kalamu sasa imetoka nywelani. Asubuhi mke wa mjomba, Mama Kulwa, alileta uji wa ulezi na matobolwa, viazi vile vilivyokaushwa na kupikwa tena, na bakuli la asali katikati ya meza. Hakuna aliyeona tatizo. Ukarimu ulikuwa jambo moja na maswali yalikuwa jambo lingine. Bwana Mipaka alichovya, akalamba kidole, akauliza asali imetoka wapi. Mama Kulwa akajibu bila kupepesa, "Tumenunua Ipole, bwana." Akatikisa kichwa, akachovya tena.

Kisha wanaume wakaanza kuingia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba mwenyewe.

"Mzee, huko ng'ambo ya kijito una shughuli gani?"

"Sina, bwana mkubwa."

"Mizinga?"

"Mizinga? Mimi mtu wa karanga na tumbaku. Nyuki wenyewe nawaogopa."

Alisema hivyo na makovu yale mikononi! Nikamtazama, naye akanitazama, na kwenye jicho lake niliona mchezo, kama mtu anayecheza bao na anajua kete zimekaa vizuri. Nikaandika: hana. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Baada yake wakaingia wengine siku hiyo na siku zilizofuata, na kila mmoja nilimwandikia neno hilohilo mpaka nikaacha kuwauliza na kuanza kuliandika mapema. Jioni, watu wa mpaka walipokuwa wametoka kunyoosha miguu, jikoni kwa Mama Kulwa palikuwa na kicheko ambacho sijakisikia tena Itobela. Wanaume waliigizana. Mmoja alijifanya Bwana Mipaka, akalamba kidole na kuuliza, "Mizinga?", na wote wakajibu kwa pamoja, "Nawaogopa!" Walikuwa wakinywa wanzuki, pombe ya asali yenyewe, wakisherehekea kwamba wamewaweza wageni. Nilicheka nao. Ninapokumbuka kicheko kile leo natamani kuingia humo jikoni na kupindua mtungi.

Siku mbili kabla hawajaondoka nilikuwa chumba cha ndani nikimsaidia Mama Kulwa kupanga nta, na juu ya ukuta nikamsikia Bwana Mipaka akimwambia mpimaji kijana, "Ng'ambo hakuna mtu. Mawe tunayaleta mpaka kijitoni." Kijana akauliza kama si karibu mno na nyumba. "Wana nini huko cha kufuata?" akasema. "Fomu hizi hapa." Mama Kulwa alisikia pia. Alibaki na bonge la nta mkononi. Mpaka wa zamani, ule ambao kila mtu aliuheshimu, ulikuwa ndani kabisa ya msitu, mbali kupita kambi za asali. Kuuleta kijitoni maana yake ilikuwa kuuchukua msitu wote, kambi zote, mizinga yote, na kutuachia uani kwetu tu.

Nikamkimbilia mjomba shambani. Nikamwambia yote. Nikamwambia bado wapo, twende, waambie kweli, futa ile fomu. Aliendelea kukata majani ya tumbaku huku nikiongea, akayapanga kwapani, kisha akasema kwa Kinyamwezi chake cha polepole, "Mwanangu, Wajerumani waliweka mawe yao. Waingereza wakaweka vibao vyao. Sisi tunapita. Mpaka ni wa mwenye karatasi, njia ni ya mwenye miguu." Nikamwambia mjomba, hawa watakuja na walinzi. Akasema walinzi nao hula asali. Na akasema neno lililonikasirisha zaidi, kwamba nimesoma lakini sijui. Nililia njia nzima kurudi. Sikulia kwa ajili ya msitu. Nililia kwa sababu niliambiwa sijui.

Mwezi wa sita mawe yalikuwa yamesimama kando ya kijito, meupe, yenye namba, na kando yake kibanda cha walinzi. Mjomba na wenzake waliondoka alfajiri na baiskeli zao kama kila mwaka. Saa nne asubuhi walikuwa wamerudi. Niliwaona wakipita njiani kwa mstari, wakikokota baiskeli badala ya kuzipanda, madebe matupu yakigongana nyuma, na hakuna aliyesalimia. Nimeona misiba mingi lakini sijaona njia imenyamaza vile. Kule msituni mizinga ilikuwa imejaa. Kwa kazi ile, asali isiporinwa kwa wakati nyuki huihama au huila wenyewe, na mzinga usiotembelewa huingia siafu na nyegere. Wiki zikapita. Mjomba alikaa barazani, akanoa panga ambalo halikuwa na kazi, akalinoa tena. Mama Kulwa alikuwa akimpelekea chakula pale barazani na kukirudisha nusu.

Hapo ndipo niliposhika mambo mkononi, na hapa hasira yangu haina mtu mwingine wa kumwendea. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Niliwaambia wazee wa umri wa babu yangu kwamba serikali inafuata maandishi, kwamba uongo ndio uliotuponza, kwamba dawa ya uongo ni kusema kweli, yote, mti kwa mti. Wengine walinitazama kama kichaa. Bibi aliniambia, "Nyamaza mwana, hujui unachokiita." Sikunyamaza. Nilimwandikia Bwana Mipaka barua kwa Kiswahili cha kidato cha nne, yenye "kwa heshima na taadhima", nikaipeleka mwenyewe mpaka ofisini kwao Sikonge. Na jibu likaja! Lilikuja kwa mdomo wa dereva kwamba mwezi wa nane watakuja kuwaandika upya wenye mizinga, kwa ajili ya vibali vya kuingia. Niliruka. Nilimwambia mjomba, unaona? Aliweka panga chini, akasema, "Nitasema kwa sababu yako, Debora. Si kwa sababu yao."

Waliandikia kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani. Bwana Mipaka alikaa kwenye kiti cha mwalimu, faili mapajani, na walinzi wawili mlangoni. Mimi nilikuwa na daftari jipya. Mjomba Maganga akaingia amevaa koti lake la kanisani. Hakukaa. Alisimama katikati ya darasa, akafumba macho, akaanza. "Ukivuka Ntongo, kwenye kichuguu cha kwanza kikubwa, kuna mninga umeinama. Mmoja. Ukifuata bonde mkono wa kulia, mitundu miwili imepandana. Mmoja kila mti. Mbele yake mti wa mkora uliopigwa na radi." Alikuwa anatembea. Miguu ilikuwa imesimama juu ya sakafu ya darasa lakini yeye alikuwa anatembea msituni, mti kwa mti, na mimi namfuata kwa kalamu. Wanaume waliokuwa wakisubiri zamu yao waligeuza nyuso ukutani. Mwanawe Kulwa, kijana mkubwa mwenye mke, alitoka nje kabisa kwa sababu hakuweza kuvumilia kumsikia baba yake akisema vile mbele ya watu. Niliandika kurasa nne. Nilijivunia hati yangu, Mungu anisamehe, niliipanga vizuri, namba kushoto, mti katikati, mahali kulia.

Alipomaliza alifumbua macho, na jasho lilikuwa limeloanisha koti. Bwana Mipaka akafungua faili. Akatoa fomu ya mwezi wa pili.

"Mzee Maganga. Hapa umesema huna mzinga hata mmoja. Kidole hiki si chako?"

"Ni changu."

"Na wewe karani, mwandiko huu si wako?"

Nikasema ni wangu.

"Basi hii mizinga ni ya nani? Maana mpaka umewekwa, wewe ukiwa huna. Kilichomo ndani ya mpaka kisicho na mwenyewe ni cha hifadhi, na kilichowekwa baada ya mpaka ni kosa. Chagua wewe, mzee."

Mjomba alikitazama kile kidole kwenye karatasi. Alisimama pale na mikono yake ikining'inia. Nikaanza kueleza, nikasema bwana, walificha, ni desturi, kila mtu anajua, naye akainua kiganja nikanyamaza. Alininyamazisha kwa kiganja, na mimi nikanyamaza! Akanyoosha mkono, akasema, "Lete daftari." Nikampa. Nimejiuliza mara ngapi sijui kwa nini sikulichana, kwa nini sikulirusha dirishani, kwa nini sikulila. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyofundishwa shuleni. Wale wengine waliokuwa wakingoja zamu wakatoka mmoja mmoja. Hao ndio walionusurika na uwezo wa mwandiko wangu, maana mizinga yao angalau ilibidi itafutwe.

Baada ya wiki mbili moshi ulianza kuonekana ng'ambo ya kijito. Haukuwa moshi mkubwa wa kuchoma nyika. Ulikuwa mwembamba, unasimama mahali pamoja, unakwisha, halafu baada ya saa moja unasimama mahali pengine, mbele kidogo. Kila aliyekuwa Itobela aliuona na kila aliyeuona aliuelewa. Ulikuwa unafuata bonde mkono wa kulia. Kulwa alinyemelea akaenda kuona kwa macho yake, akarudi akatueleza jikoni kwa Mama Kulwa, mbele yangu, bila kunitazama. Walinzi walikuwa na ngazi na daftari. Mmoja alisoma, mwingine alipanda. Walishusha mzinga na nyuki wake, wakaumwagia mafuta ya taa, wakatia kiberiti, mmoja akaweka alama ya vema kwenye ukurasa, wakaenda mti unaofuata. Ilichukua siku nne. Siku ya tatu makundi ya nyuki waliookoka yalikuja kijijini yakatua popote, kwenye bati la shule, kwenye bani la kukaushia tumbaku, kwenye kengele ya kanisa, na watu waliwazunguka taratibu wakipita, wamejitanda nguo vichwani. Bibi yangu hakusema nilikuambia. Laiti angesema.

Tulipodanganya tulinyang'anywa, na tuliposema kweli tulichomewa. Nimesoma vyuo baada ya hapo, nimefundisha watoto miaka mingi kwamba ukweli humweka mtu huru, na kila niliposema hivyo darasani ulimi uliniwasha. Na matokeo yake ni nini? Wanaume ambao kwa vizazi hawakugusa mninga kwa shoka kwa sababu mninga ulikuwa nyumba ya nyuki wao, walirudi wote kwenye tumbaku, na tumbaku inataka kuni za kukaushia. Miti ya upande wetu iliisha ndani ya miaka michache. Ikafuata ya ng'ambo, maana walinzi kweli hula, mjomba hakukosea, isipokuwa hawali asali. Leo ukisimama kwenye yale mawe meupe huoni msitu upande wowote. Walioulinda ni wale walioandikwa kwamba hawana shughuli nao. Yule mzee wa kliniki anajua haya? Anajua. Alijua tangu siku ya kwanza, kidole kikiwa kwenye bakuli.

Lakini nimesema nitaeleza na hasira niliyonayo kwa watu wangu. Sikupigwa. Sikutukanwa. Nilingoja Mjomba Maganga anifokee na hakunifokea. Siku chache baada ya moshi kwisha nilikwenda kwake, nikaingia bila hodi kama siku zote. Walikuwa wanaongea jikoni, na waliponiona walinyamaza. Mama Kulwa akanyanyuka, akaleta kiti kutoka sebuleni, akakifuta kwa ncha ya kanga. Akaniletea maji kwenye glasi, juu ya sahani. Mjomba akaniuliza, kwa Kiswahili, kile Kiswahili sanifu ambacho nilikuwa sijawahi kumsikia akikitumia isipokuwa na Bwana Mipaka, "Karibu, Debora. Nyumbani hawajambo?" Nyumbani ni nyumba tatu kutoka pale, alituona kila asubuhi tukifagia. Nikamjibu kwa Kinyamwezi. Akanijibu kwa Kiswahili. Nikaomba msamaha kwa Kinyamwezi, nikipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji. Akaniinua kwa upole, akasema, "Hakuna tatizo, mwalimu. Hakuna tatizo kabisa." Sikuwa mwalimu wakati huo. Tangu siku hiyo, kila nyumba niliyoingia Itobela nilipewa kiti, glasi na chakula kizuri, na sikuambiwa kitu. Nani amejifungua, nani anaumwa, nani amelima wapi, yote niliyasikia kwa watu wa mbali. Mwezi wa kumi na mbili nikaja mjini chuoni, na sikulala tena Itobela zaidi ya siku mbili mfululizo.

Nimelalamika kwa Mungu juu ya upole ule kuliko nilivyolalamika juu ya moto. Angenipiga mjomba wangu! Angenitoa jino, ningelibeba jino langu nikaendelea kuwa mtoto wa nyumba ile. Mimi nilikosa kwa kuwapenda. Yule mwingine alikosa kwa kutojali, akala asali yao, akaondoka na jina la mgeni mwema, na mpaka leo anawasifia kwenye foleni. Na wao walitupa heshima ileile, mimi na yeye, bila tofauti.

Mwaka jana Mjomba Maganga alifariki, mzee sana, na nikasafiri kwenda kumzika. Nilifika mapema. Uani wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa mikekani, wamejifunga kanga kiunoni, wanalia kwa Kinyamwezi na kusimulia mambo yake, mambo ambayo mengine sikuyajua. Nikavua viatu, nikajifunga kanga, nikajongea ili nikae katikati yao. Mama Kulwa aliniona. Amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta, na bado alinyanyuka kwenye mkeka wa mfiwa, akanishika kiwiko kwa upole, akanipeleka mbele ya nyumba palipokuwa na viti vya plastiki, wamekaa watu waliotoka wilayani na wazee wa kanisa kutoka Sikonge. Akafuta kimoja kwa ncha ya kanga yake ya msiba.

"Keti hapa, mama," akaniambia kwa Kiswahili. "Wageni wote wako huku."